Sonona na homoni ya msongo: yanayosemwa na yalivyo

"Sonona ni mawazo tu, mwili hauhusiki."
Wengi wenye sonona hawana ugonjwa wa tezi, ni kweli. Lakini juu ya kila figo pana tezi ndogo, adrenali, inayotoa kortisoli, homoni inayopanda tunapokabiliwa na msongo. Ikizidi kwa miezi, mtu hupata hali iitwayo sindromu ya Cushing, na sonona ni ya kawaida sana kwa wagonjwa hao. Kwa baadhi yao, huzuni na kukosa usingizi hutangulia dalili nyingine.

"Hayo ni magonjwa adimu ya Wazungu."
Uvimbe wa tezi unaoleta Cushing ni adimu, naam. Chanzo kikubwa cha Cushing, hata hivyo, ni dawa za steroidi, zinazofanya kazi kama kortisoli: prednisoloni, deksamethasoni, na krimu kali kama klobetasoli. Sasa fikiria mikorogo na vidonge vya kunenepesha vyenye dawa hizo, vinavyouzwa bila cheti cha daktari. Dada anajaa mashavu, majirani wanasema kanawiri. Miezi inapita: tumbo limetoka, mikono na miguu imekonda, mapajani pana michirizi ya zambarau, akigongwa kidogo anavia damu. Usiku halali, analia asijue analilia nini. Wa kwanza kuitwa ni mganga, na pochi ya dada yenye hivyo vidonge haifunguliwi na mtu.

"Basi avitupe leo leo."
Hapana! Adrenali zake zimeshazoea kukaa bila kazi. Akiacha ghafla, shinikizo la damu laweza kushuka, akatapika, akazirai, hata akafa. Dozi hupunguzwa polepole, daktari akisimamia.

"Kortisoli ikipungua ndiyo raha."
Muulize mwenye ugonjwa wa Addison, ambao adrenali hushindwa kutoa kortisoli ya kutosha, ulioelezwa na daktari Mwingereza Thomas Addison mwaka 1855. Kifua kikuu kinaweza kuziharibu tezi hizo. Mgonjwa huchoka, hukonda, hutamani chumvi, hukosa hamu ya kila kitu. Ni rahisi kudhani ni sonona tupu. Kwenye ngozi nyeusi, tazama fizi na mistari ya viganja kama vimezidi weusi.

"Nipime kortisoli nijue kama nina sonona."
Hakipo kipimo hicho. Kortisoli huwa juu asubuhi na chini usiku, na sonona hutambuliwa kwa mazungumzo na mtaalamu.

"Tezi ikitibiwa, huzuni imeisha."
Wengi hupata nafuu, ila kwa baadhi huzuni hubaki muda mrefu baada ya kortisoli kukaa sawa, nao huhitaji ushauri nasaha au dawa za sonona.