Kiharusi na kipimo cha CT: maswali ya ndugu wa wagonjwa

Nafanya kazi kwenye chumba cha CT. Wagonjwa wengi wa kiharusi hutufikia siku ya pili au ya tatu, wengine baada ya wiki nzima, ngozi bado inanukia mafuta ya kuchulia. Ndiyo maana majibu mengi hapa yanarudi kwenye jambo lile lile: msichelewe.

CT, MRI na PET zinatofautianaje?

CT hutumia eksirei zinazouzunguka mwili, kisha kompyuta hutengeneza picha za vipande vyembamba. Picha ya kichwa huisha kwa dakika chache. MRI hutumia sumaku kali, haina mionzi, na huonyesha ubongo na uti wa mgongo kwa undani zaidi, lakini mara nyingi huchukua nusu saa au zaidi. Mwenye kifaa cha moyo au chuma mwilini aseme kabla ya kuingia. Kwa PET, mgonjwa huchomwa sindano ya sukari yenye mionzi, na seli zinazoila kwa wingi hung'aa kwenye picha. Hutumika zaidi kwa saratani. Kwa kiharusi cha ghafla usiiulizie.

Kama MRI inaona zaidi, kwa nini mnaanza na CT?

Kwa sababu ya muda. Kiharusi ama mshipa wa ubongo umeziba, ama umepasuka. Kwa nje wagonjwa hawa wanafanana: mdomo umekwenda upande, mkono umelegea, maneno hayatoki. Hata daktari bingwa hawezi kuwatofautisha kwa uhakika kwa kumtazama mgonjwa tu. Damu iliyovuja huonekana nyeupe kwenye CT papo hapo. Mshipa ulioziba huenda usionekane saa za mwanzo, na hapo ndugu hulalamika kwamba wamelipia picha isiyo na kitu. Kitu kipo: daktari amejua hakuna damu, sasa anaweza kutibu.

Tumpe aspirini wakati tunatafuta usafiri?

Hapana. Kama mshipa umepasuka, aspirini inazidisha kuvuja. Msimpe pia kidonge cha presha cha jirani. Presha ikishuka ghafla, sehemu ya ubongo inayokosa damu inazidi kufa. Wala uji, wala maji, kwa sababu huenda hawezi kumeza na vikaingia mapafuni. Mlazeni kwa ubavu kama amelegea sana, mleteni.

Wazee wanasema amepigwa na upepo, achuliwe kwanza. Hospitali si tutakwenda kesho?

Nendeni sasa hivi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Aliyeanza saa 12 asubuhi, ikifika saa 4 na nusu asubuhi muda umekwisha, na katika muda huo huo kuna foleni ya barabarani, mapokezi, vipimo vya damu na CT yenyewe. Mafuta hayafiki kwenye mshipa wa ubongo. Kukanda kwa maji ya moto hakufiki. Nawaheshimu wazee, lakini mgonjwa aliyeachwa siku tatu akichuliwa naiona picha yake: eneo lililokufa limeshakuwa jeusi, na hakuna dawa ya kulirudisha.

Hiyo dawa si ghali, na haipatikani kila mahali?

Ni kweli. Hata hivyo njooni mapema. CT ndiyo itakayosema kama aspirini ianze au isiguswe kabisa, presha ishushwe kiasi gani, na kama damu iliyovuja inahitaji upasuaji. Ulizieni leo, kabla hamjapata mgonjwa, hospitali ipi ya karibu ina CT inayofanya kazi usiku. Kuzunguka kwenye vituo visivyo na mashine kunamaliza saa zote.

Mdomo ulikwenda upande, baada ya dakika 20 ukarudi. Amepona?

Hajapona. Hiyo ni dalili kwamba kiharusi kikubwa kinaweza kufuata, mara nyingi ndani ya siku chache tu. Aje leo hii, hata kama anatembea na kucheka.

Mionzi ya CT haitamdhuru?

CT ya kichwa ni takribani milisiveti 2 (kizio cha kupimia mionzi), karibu na mionzi ya asili ambayo mtu hupata kwa mwaka. Mjamzito aseme, tutachukua tahadhari. Kwa mgonjwa wa kiharusi, hatari iko kwenye kuchelewa.

Tuje na nini?

Dawa zote anazotumia, hasa za presha, kisukari na za kuzuia damu kuganda. Kadi ya bima kama ipo. Kama haipo, msikae nyumbani mkichangishana kwanza. Na aje mtu anayejua saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Akiwa ameamka na dalili asubuhi, tunahesabu tangu alipokwenda kulala, kwa hiyo msituambie "tangu asubuhi" kama hakuna aliyemwona usiku.