Pesa ipo, ila hailali hapa

Nikiitwa na viongozi wa mji kuzungumzia ujenzi wa utajiri wa jamii, yaani kuifanya pesa inayotumika mjini ibaki kwa watu wa mjini, swali la kwanza karibu kila mara ni: mwekezaji tutampata wapi? Mimi huomba orodha ya malipo ya mwaka uliopita. Nani alilipwa, kiasi gani, kwa kazi ipi. Hapo ndipo kikao huanza kunoga, maana hospitali, chuo kikuu, polisi na serikali ya mji yenyewe hununua kila siku, tena hazina pa kuhamia. Ndizo tunazoziita taasisi mhimili.

Preston, kaskazini mwa Uingereza, walifika huko baada ya kukwama. Mwaka 2011 mradi wao wa maduka makubwa, wa pauni milioni 700, ulikufa kampuni ya maduka ya John Lewis ilipojitoa. Diwani Matthew Brown na wenzake wakageukia ununuzi wa taasisi sita kubwa zilizokuwa palepale. Mwaka 2012/13, katika kila pauni 100 zilizotumika, 5 tu zilibaki mjini. Kufikia 2016/17 zilikuwa 18 na ushei, na ukihesabu kaunti nzima ya Lancashire, ulimo mji huo, zilipanda kutoka 39 hadi 79. Kumbuka, hiki kilikuwa kipindi cha kubana matumizi: bajeti ya ununuzi ilikuwa ikinywea, huku kinachobaki mjini kikitoka pauni milioni 38 hadi 112.

Wengi hudhani walipendelea wenyeji. Hapana, walishughulika na makabrasha ya zabuni. Chukua zabuni ya chakula cha shule: maziwa, mayai, mtindi na jibini vimefungwa katika mkataba mmoja. Juu yake kuna dhamana ya benki, hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, na sharti la mauzo ya mwaka ambalo mwandishi wake alilinakili kutoka zabuni ya barabara (nimeliona kwa macho yangu). Mfugaji anayeweza kuleta mayai kila Jumatatu bila kukosa anasoma ukurasa wa pili, anafunga kabrasha. Ukiyapa mayai fungu lake na mtindi fungu lake, anaingia kushindana kama wengine, na akizidiwa bei, amezidiwa kihalali. Lancashire waliigawa zabuni yao ya chakula cha shule kwa namna hiyo.

Mtego uko kwenye anwani. Tunapochambua orodha ya malipo, kampuni yenye ofisi ya vyumba viwili mjini huhesabiwa kuwa ya mjini, hata kama faida yote inapanda kwa wenye hisa walio mbali. Kwa hiyo sitosheki na "nani yuko hapa". Nauliza nani anamiliki, na mishahara inalipwa kina nani.

Cleveland, Marekani, waliliuliza swali hilo mapema. Vyama vya ushirika vya Evergreen, vilivyoasisiwa 2008, vilianza na kampuni kubwa ya kufua nguo ambamo wafanyakazi wanaweza kuwa wamiliki. Ila tusidanganyane kuhusu kasi. Hospitali ya Cleveland Clinic ilikuwa mshirika tangu mwanzo, lakini kampuni hiyo ya kufua ilikuja kukabidhiwa kiwanda cha kufulia mashuka yake mwaka 2018. Hospitali huwa na mikataba mirefu na wafuaji wengine, na mkataba hauvunjwi kwa nia njema. Atakayekuahidi matokeo kabla ya uchaguzi ujao, mwombe akuonyeshe tarehe za kwisha kwa mikataba. Mimi huzibandika ukutani siku ya kwanza.

Jambo la mwisho linaonekana dogo, nalo ndilo huua wengi: siku za malipo. Mzabuni mdogo akishinda, akapeleka mzigo, kisha ankara yake ikalala mezani kwa mhasibu siku 90, atakopa kwa riba ili alipe vibarua. Zabuni ya pili hatauliza. Kwa hiyo kabla ya kugawa mafungu, nenda kwa mhasibu ukaangalie ankara ndogo zimekaa siku ngapi.