Kichwa cha maskoti na baridi ya Mbeya

Mteja akija kuagiza maskoti, lile vazi la mnyama linalochangamsha mashabiki uwanjani, huanza na rangi. Anataka simba, au tai, au chui mwenye meno makali, na picha keshaiweka kwenye simu. Mimi huanza kwingine: nani atalivaa, na akishaingia ataona kwa wapi? Nashona mavazi haya hapa Mbeya, na karibu kila vazi lililorudishwa kwangu na mvaaji lilikuwa limekosewa kichwani.

Ndani ya kichwa naweka kofia ngumu ya ujenzi, ile yenye ukanda wa kukaza kuzunguka paji la uso. Hiyo ndiyo inayobeba kila kitu. Juu yake nabandika vipande vya sponji ya godoro, navichonga kwa kisu mpaka mashavu na pua vitokeze, kisha ndipo navika manyoya ya bandia. Ukiruka kofia ukategemea sponji tupu, kichwa kitapwaya. Mvaaji anageuka kutazama goli, mnyama anabaki kutazama jukwaa, shingo imepinda upande. Watoto huliona hilo kabla ya wakubwa, na mtoto aliyekuwa anakimbilia kupiga picha anajificha nyuma ya mama yake.

Macho makubwa unayoyaona ni pambo. Mvaaji anaonea mdomoni. Nyuma ya meno nakaza wavu wa dirisha niliouchagua mweusi, kwa sababu mweupe hurudisha mwanga wa jua na yule wa ndani anaona ukungu mtupu. Hata hivyo pembeni haoni, na miguu yake mwenyewe haioni. Kwa hiyo kila vazi ninalotoa linatoka na sharti la msindikizaji, mtu wa kumshika mkono kwenye ngazi na kuwazuia watoto wasimvute mkia kwa nyuma. Wawili hao wanakubaliana ishara kabla ya mechi, maana maskoti hasemi. Kwangu ni kujigonga kichwani mara mbili: nitoe sasa hivi.

Sasa habari ya baridi. Watu huniambia, "Fundi, huku kwetu Mbeya si Dar, joto halitamsumbua." Kweli, mji uko juu, mita 1,700 hivi, na mwezi wa sita asubuhi unatoa moshi mdomoni. Lakini mwili wa mtu anayeruka ndani ya sponji na manyoya haujui habari za nje. Jasho hupoza pale linapokauka, na humo ndani halikauki, hewa imeshalowa. Nilijifunza kwa kosa langu mwenyewe. Kijana alicheza kipindi kizima cha kwanza bila kupumzika, akatoka, akavua kichwa palepale nje upepo ukivuma. Fulana yake ukiikamua maji yanatiririka. Usiku homa, siku mbili hakuinuka. Nilikwenda kumtazama kwao, na mama yake aliniuliza swali moja tu: "Baba, hukujua?" Tangu siku ile hakuna anayevaa vazi langu zaidi ya dakika 15 mfululizo, fulana kavu zinakuwa tatu, na kichwa kinavuliwa chumbani, mlango umefungwa, shuka liko tayari.

Masika ndiyo kazi yenyewe. Manyoya yakipata mvua yanakunywa maji, vazi linakuwa zito mara mbili, na sponji ya ndani inachukua siku kadhaa kukauka huku ukungu wa Mbeya umetanda. Wengine hulisogeza karibu na jiko la mkaa. Usifanye hivyo, sponji inashika moto upesi na moshi wake ni sumu. Mimi nageuza kichwa juu chini kwenye mti uliosimikwa, nawasha feni iingize upepo shingoni. Kitambaa cha ndani kinachogusa ngozi nakifunga kwa zipu kitoke, kifuliwe kila mechi.

Kuhusu mnyama gani, nina maoni makali. Simba ana wenyewe. Klabu ya Msimbazi iliitwa Sunderland mpaka ilipobadili jina kuwa Simba mwaka 1971, na tangu hapo mnyama huyo ni wao. Timu ya nyanda za juu ikileta simba uwanja wa Sokoine hapa Mbeya itakuwa inawashangilia wageni. Na tuna majina matamu yanayosubiri kushonwa! Mbeya City ni Wagonga Nyundo. Lipuli ya Iringa ni Wanapaluhengo. Ihefu ilipokuwa Mbarali iliitwa Mbogo Maji, na ukitaja bonde la Usangu mbogo anakuja mwenyewe akilini. Majimaji ya Songea ni Wanalizombe, na lizombe ni ngoma ya Wangoni, kwa hiyo huyo anataka miguu iliyo huru, acheze kweli. Nyundo ndiyo ngumu: kichwa chake ni kipana juu, upepo unakisukuma, lazima sponji ichimbwe ndani ibaki ganda.

Wenzetu walielewa mapema. Kombe la Dunia la kwanza kuwa na maskoti ni la 1966 Uingereza, simba Willie. Mwaka 2010 Afrika Kusini walileta chui Zakumi, ZA ikiwa kifupi cha nchi yao na kumi ikiwa kumi hii hii yetu. Klabu ya Köln ya Ujerumani wao wana beberu hai, Hennes, tangu 1950.

Lakini habari iliyonigusa zaidi ni ya Gunnersaurus wa Arsenal. Oktoba 2020 mtu aliyekuwa akimvaa kwa miaka mingi aliondolewa kazini, na mchezaji wa timu hiyo, Mesut Özil, akajitolea kumlipa mshahara. Mashabiki walikuwa wakimpenda dinosaria wa kijani, kumbe humo ndani mlikuwa na mtu mmoja na mgongo wake.

Wiki hii nina kichwa cha mbogo mezani. Pembe nimezitengeneza kwa sponji nyepesi juu ya waya, zisimvute shingo nyuma. Kijana atakayekivaa anakuja Jumamosi nimpime paji, halafu nitamtembeza ngazi za nyuma ya karakana, kupanda na kushuka, macho yake yakiwa kwenye ule mdomo.