Makabila kumi ya Israeli hayakutoweka yote

Wengi tumefundishwa kwamba Ashuru ilipoiteka Samaria, makabila kumi yote yalichukuliwa mateka yakapotelea mbali. Sivyo.

Samaria, mji mkuu wa ufalme wa kaskazini, ilianguka mnamo 722 KK baada ya kuzingirwa miaka mitatu. Mfalme Sargoni wa Pili wa Ashuru aliandika kwa majivuno kuwa alihamisha watu 27,290. Hiyo ni hesabu ya mfalme anayejitukuza, na bado haifikii taifa zima! Hata ukiongeza waliochukuliwa miaka kumi hivi kabla, kutoka Galilaya na Gileadi, watu wengi wa vijijini walibaki kwao. Wengine, kwa maoni ya wanahistoria wengi, walikimbilia Yuda, ufalme wa kusini, na mji wake mkuu Yerusalemu ukapanuka.

Biblia yenyewe inashuhudia, ila sura hii husomwa mara chache mno: katika Mambo ya Nyakati ya Pili 30, Hezekia, mfalme wa Yuda, anatuma matarishi hadi Efraimu na Manase kuwaalika waliosalia kwenye Pasaka. Wengi wanawacheka matarishi hao, lakini baadhi ya watu wa Asheri, Manase na Zabuloni wananyenyekea, wanakuja Yerusalemu.

Nao Wasamaria, wanaojitambua kuwa wazao wa Efraimu na Manase, wangali wanachinja kondoo wa Pasaka mlimani Gerizimu, karibu na Nablus.