Andika "umuhimu" kabla ya kuchagua fonti

Nikipata fonti mpya ya mlazo (italiki, herufi zilizoegemea upande), ile ya kifahari ambayo mstari mnene unakonda ghafla ukawa kama uzi, neno la kwanza ninaloliandika ni "umuhimu". Hesabu vijiti vyake: u viwili, m vitatu, u viwili, h viwili, i kimoja, m vitatu, u viwili. Jumla 15. Katika fonti za namna hii vijiti ndivyo vinene, na kinachovishikanisha ni uzi tu. Uzi ukikatika neno limekwisha, umebaki uzio wa miti.

Hilo nililijua kwa hasara. Nilibuni kadi za harusi, maandishi yote ya mlazo, pointi 11 (pointi ni kipimo cha ukubwa wa herufi), foili ya dhahabu juu ya karatasi yenye vinyweleo. Kwenye skrini zilipendeza mno. Zilipotoka kiwandani, "kukualika" haikusomeka: kila k imepoteza mkono wa juu, kila u imekuwa vijiti viwili visivyojuana. Bibi harusi aliigeuzageuza kadi kwenye mwanga, akaniuliza taratibu, "Kaka, hapa pameandikwa nini?" Tukachapa upya.

Hesabu yenyewe si ngumu, na siku hizi naifanya kabla sijamwonyesha mteja chochote. Chukua fonti ambayo uzi wake una unene wa sehemu 20 kwa kila 1000 za ukubwa wa herufi. Kwa pointi 12, uzi ni pointi 0.24, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Wino mweusi kwenye karatasi laini unaweza kuubeba kwa shida. Foili haiubebi. Maandishi meupe juu ya rangi nzito ni mabaya zaidi, maana wino wa pembeni unatambaa na kuumeza. Iweke fonti hiyohiyo kwenye pointi 60 na uzi unafika 1.2, hapo ndipo umbo lake linapoanza kuringa.

Wa kale waliyajua haya kwa mikono yao. Mwaka 1501, Aldus Manutius wa Venice alichapa mashairi ya Virgil kwa herufi za mlazo alizochongewa na Francesco Griffo. Zilikuwa ndogo, zenye unene unaokaribiana, na herufi kubwa zake zilisimama wima. Miaka 256 baadaye John Baskerville wa Birmingham alimchapa Virgil huyohuyo kwenye karatasi laini, akizibana kurasa kati ya mabamba ya shaba yenye moto. Kulainika kwa karatasi ndiko kulikoruhusu mistari kukonda. Familia ya Didot kule Paris na Giambattista Bodoni kule Parma wakaufikisha ukondefu huo mwisho wake. Na kwa kuwa kila ukubwa ulichongwa peke yake, mchongaji aliweza kuunenepesha uzi kidogo kwenye herufi ndogo. Kompyuta hukuza na kupunguza umbo lilelile moja, isipokuwa fonti iwe imetengenezwa na matoleo ya ukubwa tofauti. Fonti ya Bodoni Moda inayo matoleo hayo, na ni ya bure.

Halafu kuna k na w. Mlazo ulizaliwa kwa ajili ya Kilatini na Kiitaliano, lugha ambazo karibu hazizihitaji herufi hizo. Sisi tunazimwaga kila sentensi: kwa, kwamba, wakwe, kukaribishwa. Kwa hiyo baada ya "umuhimu" naandika "kwa" kubwa kabisa na kuikazia macho. Je, k imejikunja kitanzi hadi inafanana na h? Je, mikia ya w inaigonga a inayofuata? Mbunifu aliyeipamba Q ikawa kama tausi na kuiacha k mkavu hajanisaidia kitu. Alama ya ng' nayo iangalie: iwe mkato uliopinda, si kijiti kilichonyooka, na isiikalie g kichwani.

Kwa kadi na vichwa vya majarida naipenda Playfair Display ya Claus Eggers Sørensen, kwa sababu herufi zake ndogo ni ndefu, na Kiswahili kina herufi kubwa chache. Cormorant ya Christian Thalmann ina madaha zaidi, ila herufi zake ndogo ni fupi. Iongeze pointi kadhaa. Yoyote utakayochukua, pakua faili lake halisi la mlazo. Ukibonyeza tu kitufe cha kulaza wakati faili halipo, programu huisukuma herufi wima ikaegemea, a inabaki ya wima, na unene wa mizunguko unahama mahali pake. Hilo linaniuma kila ninapoliona kwenye bango.

Zile kadi za pili nilizipunguzia maneno. Majina mawili peke yake yalibaki kwenye mlazo, pointi 54, kwa foili. Tarehe, ukumbi na "tunakukaribisha", lenye herufi 15, vikaenda kwenye fonti ya wima yenye mwili, wino mweusi mtupu. Karatasi tukachukua laini.