Je, wajua kuna karatasi ya kuchujia iliyotengenezwa ili ichomwe moto?

Mtu wa maabara akichuja kitu huwa hamna cha ajabu sana, karatasi ya duara imekunjwa ikakaa kwenye faneli, maji yanadondoka chini, mashapo yanabaki juu, basi. Lakini kuna kazi moja akishamaliza kuchuja anaichukua ile karatasi ikiwa na kila alichokihangaikia ndani yake, anaikunja kama kifurushi, alafu anaichoma. Na wala hajachanganyikiwa.

Tuseme anataka kujua kwenye maji fulani kuna salfeti (kiambata cha salfa na oksijeni) kiasi gani. Anatia kloraidi ya bariamu, yanatokea mashapo meupe ya salfeti ya bariamu, anayachuja, sasa inabidi ayapime uzito. Atayatoaje kwenye karatasi? Maana hii karatasi si kama chekecheke lenye matundu yaliyonyooka, ni nyuzi za selulosi, mara nyingi za pamba, zimelaliana ovyo ovyo na maji yanapenya humo kwa kupindapinda, kwahiyo chembe nyingine zinanasa huko katikati kabisa. Ukikwangua utaacha nyingine na utaondoka na nyuzi. Ukisema upime vyote pamoja, karatasi yenyewe inafyonza unyevu wa hewani, uzito wake hautulii. Bora ipotee tu.

Na selulosi inapotea kwelikweli. Ni kaboni, haidrojeni na oksijeni basi, ikiungua vizuri yote inaondoka kama kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji. Yale majivu unayoyaona ukichoma karatasi ya daftari ni madini, kwa sababu viwandani huwa wanaijazia vitu kama chokaa na udongo mweupe ili iwe nyeupe na laini. Karatasi ya kuchujia ya kawaida haijaziwi hivyo ila bado inaacha majivu kidogo, kama asilimia 0.06. Ile ya kuchoma inaitwa karatasi isiyo na majivu, hiyo imeoshwa kwa asidi mpaka madini yamebaki asilimia 0.01 au chini ya hapo.

Unaweza kusema sasa hapo tofauti iko wapi, vyote si vidogo tu? Piga hesabu. Duara la upana wa sentimita 11 lina kama gramu 0.9. La kawaida litaacha karibu nusu miligramu ya majivu, na mizani nzuri ya maabara inasoma hadi miligramu 0.1, yaani hiyo nusu itaonekana na itahesabiwa kama mashapo. La pili linaacha chini ya 0.1, mizani haina habari.

Kuchoma kwenyewe kuna adabu yake. Kifurushi kinawekwa kwenye kibakuli cha kauri ambacho kilishachomwa na kupimwa uzito kikiwa kitupu, kinakaushwa taratibu, kisha karatasi inaachwa iwe mkaa polepole bila kuwaka. Ikilipuka moto, hewa inapeperusha chembe na kazi yote imekwisha. Mkaa ukishakuwa tayari ndo moto unaongezwa na hewa inaachwa iingie ya kutosha, maana hewa ikiwa haba, kaboni inamnyang'anya salfeti oksijeni yake na unabaki na salfaidi ya bariamu, kitu kingine kabisa chenye uzito mwingine. Kloraidi ya fedha ndo hata haijaribiwi, hiyo kaboni inaigeuza fedha tupu kirahisi, kwahiyo wanaichujia kwenye kibakuli chenye kitako cha kioo chenye vitundu vidogo sana.

Kitu ninachokipenda zaidi ni kile kipande cha pembeni. Wakati wa kukunja, watu huchana kona ndogo ya karatasi ili ikae vizuri kwenye faneli isipitishe hewa. Hawaitupi. Wanafutia mashapo yaliyogandia kwenye bika, yaani kile chombo cha kioo yalikotokea, alafu nayo inaingia kwenye kibakuli ikaungue na wenzake.