Iachie -ka- ibebe kisa

Jioni mimi huwafundisha watu wazima Kiswahili cha mazungumzo hapa Kampala. Wengi wao sarufi wanaimudu, ila wakianza kusimulia kisa, wenzao wanashika simu.

Juzi mmoja alitupa habari ya safari yake ya kutoka Jinja. "Nataka niwaambie jinsi abiria alivyorudishiwa chenji. Ilikuwa Jumanne. Hapana, Jumatano. Tulisimama Namawojjolo. Abiria alinunua kuku. Alitoa noti ya elfu ishirini. Muuzaji alienda kutafuta chenji. Dereva aliondoka."

Kisa kitamu, lakini mwisho kaumwaga mlangoni. Na Jumanne au Jumatano haituhusu, kwani siku ingekuwa nyingine kuku angekuwa yuleyule.

Lililoniuma zaidi ni zile -li- mfululizo. Ukiirudia kila kitenzi, msikilizaji anaona unamsomea maelezo ya polisi. -Li- moja yatosha kufungua kisa. Baada yake iachie -ka-, maana yenyewe hufunga tendo kwenye tendo lililotangulia, na anayesikiliza anabaki akingoja linalofuata. Wazungumzaji wa Luganda wanalo jambo hili tangu utotoni: "yagenda n'atuula n'alya", alienda akaketi akala. Ile n' inafanya kazi ileile! Lakini darasani wengi waliwekewa jedwali la -na-, -li-, -ta-, wakadhani nyakati zimeishia hapo.

Halafu kuna kunyamaza. Wazee wa pwani wakisema "Hadithi, hadithi!" hawaendelei mpaka waitikiwe "Hadithi njoo!" Kwenye soga za kawaida kiitikio hicho ni "ehe?", nawe una haki ya kukingoja. Mahali pa kunyamaza ni pale mambo yanapoharibika, si pengine. Hapo kunywa chai yako taratibu.

Nikamwomba asimulie upya.

"Tulisimama Namawojjolo. Abiria mmoja akanunua kuku wa kuchoma, akatoa noti ya elfu ishirini. Muuzaji akakimbilia chenji. Dereva akaondoa gari."

Akanyamaza. Darasa zima: "Ehe?"

"Tukafika Mukono, mwenye kuku keshakata tamaa, hata kumla hamli. Mara bodaboda hiyo inatupita mbio, yule muuzaji kapakiwa nyuma, noti anazipunga juu!"